Sifuri Mbili za Mama

Mama yangu alikuwa mwanachama namba 0052 wa kikundi cha wakulima wa chai kijijini kwetu, Kawetele. Alipewa namba hiyo akiwa amenibeba mgongoni, na aliiandika kwa rangi nyekundu kwenye kapu lake la kuchumia. Siku za kupima majani karani aliita watu kwa namba, waanzilishi kwanza. Mama alipima mapema, akarudi kwenye migomba yake.

Kisha nikajitokeza mimi, mwalimu wa kompyuta huko Mbeya, msomi wa familia. Niliwaandikia programu kwa lugha ya C, ya kuchapisha orodha ya kuitia watu. Mahali pa kutoa namba niliweka %d, amri ya kuchapisha namba kavu, basi. Kompyuta ikazimeza sifuri zote za mbele. Na kwa kuwa orodha ilipangwa kama majina yanavyopangwa, kwa kutazama alama ya kwanza, mia moja ikatangulia mbele ya mbili. Hamsini na mbili ikatupwa nyuma ya watu zaidi ya mia nne.

Mama akanipigia simu. "Mwanangu, sifuri zangu umezipeleka wapi? Nimesimama na kapu mpaka saa tisa, mvua yote imeniishia mimi. Karani anasema kompyuta ndiyo imepanga."

Nilicheka. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilicheka. "Mama, sifuri ikikaa mbele haina thamani. Hesabu ndivyo ilivyo."

"Haya, baba. Ila miguu inauma."

Nikaahidi kurekebisha Jumamosi. Jumamosi ikazaa Jumamosi. Kila aliponikumbusha nilisema nimebanwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kugeuza %d iwe %04d: alama mbili tu, namba itoke na tarakimu nne, penye pengo pajazwe sifuri, na waanzilishi warudi mbele. Dakika moja. Yeye alisimama msimu mzima.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Daktari alisema mvua haihusiki. Sikumwamini, na sitaki mtu anifariji. Majuto ni mjukuu, wanasema; wangu alinisubiri mlangoni. Matanga yalipokwisha nilikaa kwenye kigoda chake jikoni, kompyuta mapajani, nikaongeza zile alama mbili huku nalia kwa sauti.

Chai haingoji msiba. Siku ya kupima nilichuma majani yake, nikayachuma vibaya, nikabeba kapu lake mpaka kituoni. Karani akafungua orodha mpya. Jina la mama sikuwa nimelifuta, mkono ulikataa.

"Sifuri sifuri hamsini na mbili!"

Wanawake waliokuwa wakisimama naye kule nyuma wakanigeukia. Nikatazama namba nyekundu kwenye kapu. Karani akaita tena. Ilikuwa saa tatu asubuhi na mvua ilikuwa haijaanza. Mama angewahi kurudi nyumbani.