Gari la Baba Lisilo na Klachi

Miaka ya tisini, Kitengela nzima ilisema gari la otomatiki humlaza dereva usingizi, maana mguu hauna klachi ya kukanyaga. Niliyaamini hayo kuliko katekisimu. Baba alikuwa amekata roho kwenye usukani wa otomatiki yake kuukuu, akitoka Kajiado.

Niliapa gari hilo halitaua mwingine wa kwetu. Mimi na fundi tuling'oa giaboksi, tukafunga gia ya mkono na pedali ya klachi. Nilichafuka kwa grisi mpaka kwenye meno.

Lilipowaka nikamwita mama. "Panda, mama! Sasa hakuna kulala!"

Hakupanda. "Baba yako hakulala, mwanangu. Tulikuficha ugonjwa wake wa moyo kwa sababu ulikuwa na mtihani wa shule ya jioni. Moyo wake ulisimama."