Ufunguo Nilioning'iniza Shingoni

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikikuona unapita na mashine yako ya kukata nyasi. Umefungua kazi ya kutunza bustani za watu, umewaandika vijana kazi, na juzi ulinijia kwa furaha ukaniambia, "Mzee, wote wanalala kwangu, na vitambulisho vyao nimewawekea mimi, visipotee." Nikaanza kutafuta miwani, nayo ilikuwa usoni. Sasa kaa nikueleze.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, hapa hapa Isiolo, baba yangu alikuwa na kazi kama yako. Watu wake walikata nyua za kayaba, ile miiba inayokuchana mikono, kwenye nyumba za maofisa. Walimwagilia maua, walifagia majani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kupumzika, na kusema kweli mapumziko yale hayajaisha mpaka leo. Wenzangu walikwenda Meru na Nairobi. Mimi nilikwenda mpaka mlangoni, nikaona jua, nikarudi.

Siku moja mbuzi wetu alikula kipande, yaani kitambulisho, cha mfanyakazi mmoja, na yule bwana alihangaika sana ofisini kupata kingine. Baba akaingiwa na huruma. Akanunua kasha la bati lenye kufuli, akakusanya vipande vya wote, akavifungia humo. Ufunguo akanivika mimi shingoni, kwa sababu, alisema, mimi ndiye mtu pekee Isiolo ambaye ukimtafuta humkosi.

Wewe umezaliwa juzi, hujui. Zamani hizo bila kipande hukuweza kupita kizuizi cha polisi kwenye barabara ya kaskazini. Hata kwenda soko la mifugo mtu alikwenda akiangalia nyuma.

Basi kulikuwa na kijana wa Korbesa, kaskazini kupita kizuizi, jina lake Guyo, mrefu, mcheshi, na mkono mwepesi kwa mkasi wa ua. Alimwomba baba kipande chake aende nyumbani mara moja. Baba akamwambia, "Maliza kwanza ua wa daktari." Akamaliza. Mvua ikanyesha, ua ukachipua tena, kama kawaida ya ua. Akaomba tena. "Maliza kwanza." Baba hakumpiga mtu wala kumtukana. Chakula alitoa, na Ijumaa kulikuwa na nyama. Mimi nikimwona Guyo uani kila siku nilijua amependa kwetu tu. Mimi mwenyewe si nilipenda kwetu?

Ndipo nyanya yangu, mama yake baba, akaja kutoka Biliqo, upande huo huo wa Korbesa, juu ya lori la mifugo. Tulimwita Akko, kama Waborana wote wanavyomwita nyanya. Na unajua sisi, watu wakikutana chai hainyweki kabla habari hazijaulizwa: za watu, za mifugo, za mvua. Akko akamkuta Guyo kivulini, akaanza kwa nagaa, yaani amani, kama tunavyosalimiana.

"Watu nagaa? Ng'ombe nagaa? Mvua?"

"Nagaa, Akko. Mvua ilikuwa mzuri. Malisho iko mpaka kwa mto. Hata ile ngamia ya mzee wetu imezaa."

Akko akashusha kikombe. "Hiyo ngamia iliuzwa kitambo. Mtoto wake amekuwa mkubwa, anapiga watu teke. Hii ni habari ya mwaka gani unanipa?"

Guyo akatabasamu, akauangalia mkasi.

"Nasikia bibi yako alizaa kijana," Akko akasema. "Anaitwa nani?"

Kwa mila yetu, mwanangu, mzaliwa wa kwanza wa kiume hupewa jina na baba yake, kwa sherehe, mbele ya wazee. Baba asipokuwepo, mtoto husubiri.

"Bado hana jina, Akko. Ananingoja."

"Nani amekushika?"

Guyo hakutaja mtu. Aliinua kidevu tu kuelekea kifuani kwangu, pale ufunguo uliponing'inia.

"Wewe! Kuja hapa," Akko akaniita.

Nikajitetea haraka. "Akko, hatujamfunga mtu. Mlango uko wazi. Hata mimi nakaa tu hapa, siendi mahali."

"Wewe hakuna mtu amekushika. Wewe ni mvivu! Ukitaka kwenda Nairobi leo, nani atakuzuia? Kitanda?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikajaribu kumwaza Guyo akiamka asubuhi na kusema anakwenda, na sikuweza.

Baba akaingia na salaam aleikum zake. Akko alimwitikia, lakini hakumpa nafasi ya kukaa.

"Mama, mimi nawatunzia tu," baba akasema. "Ile mbuzi..."

"Basi fungia mbuzi! Mbona umefungia watu?"

Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, akatazama chini kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akaniomba ufunguo. Akafungua kasha mwenyewe na kumpa kila mtu kipande chake mkononi. Alipofika kwa Guyo alisema, "Nisamehe, ndugu yangu," akampa haki yake yote, na hakumuuliza atarudi lini.

Mimi nikaamriwa kumsindikiza mpaka kizuizini. Nilitoka jasho utadhani nakwenda Korbesa kwa miguu. Niliona mkono wake ukitoa kipande juu ya lori, nikaona mti wa kizuizi ukiinuliwa. Sijawahi kurudi nyumbani polepole vile.

Mvua zilipopita alikuja, amemletea Akko maziwa. Habari alizomwaga siku hiyo! Chai ilipoa tukisikiliza. Mtoto amepewa jina la babu wa Guyo. Mimi, nisikufiche, nilitumaini kidogo litakuwa langu. Kisha akamwambia baba kwamba harudi kukata ua, ana mbuzi wake wa kuchunga. Baba akasema, "Sawa. Ongeza chai." Ua wa daktari ukakua mpaka ukafunika dirisha, na hakuna aliyekufa.

Basi, mwanangu, leo hii warudishie vijana wako vitambulisho vyao. Unayemwandika kazi, zungumza naye mwenyewe, si na aliyemleta peke yake, ujue amekuja kwa kupenda. Mshahara uingie mkononi mwake. Akitaka kulala kwingine, alale. Na kila mara kaa naye umuulize habari za kwao. Ukisikia zimechacha, usimcheke. Papasa kwanza shingo yako, huenda ufunguo uko hapo.

Mungu akubarikie mikono na bustani zako. Akupe wafanyakazi wanaoweza kuondoka siku yoyote, na asubuhi bado ukawaona wanakuja. Amina.