Kibati Nilichokifunga Mwenyewe Kwenye Chenso ya Shemeji

Admin, jina langu liache kapuni, na ikiwezekana usitaje hata mtaa, maana Mpanda ni ndogo na wateja wangu wote wana simu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 31, nina mke na mtoto mmoja, ni fundi wa chenso, ile misumeno ya injini ya kukatia miti. Siandiki ili mnihurumie. Naandika kwa sababu naogopa. Tangu Jumatano kila simu ikiita naiangalia kwanza kabla ya kupokea.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe. Zamani ukitaka spea ulibeba kile kilichoharibika mkononi ukazunguka nacho madukani ukilinganisha. Mwaka jana nikapata laptop iliyotumika, nikawekewa programu ya katalogi ya spea. Unaandika namba ya mashine, ile iliyo kwenye kibati ubavuni, inakuja picha ya mashine yote imefunguliwa vipande vipande. Unabonyeza kipande unachotaka, unapata namba ya kuagizia, mzigo unakuja na basi. Nilivimba kichwa, sikatai. Mafundi wa zamani wakija na chuma kikuukuu mfukoni nilikuwa nawacheka, nawaambia kaa nacho, nipe namba tu.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja, anapasua mbao porini huko mbele ya Mishamo. Kibali hana. Najua mtamsema, semeni, lakini tumbaku ilimwangusha msimu uliopita na dada ana mimba ya miezi saba. Wiki mbili zilizopita aliniletea chenso yake, springi ya breki imekatika na kupotelea huko huko porini. Breki hiyo ndiyo inayosimamisha mnyororo pale msumeno unaporuka kumrudia mkataji usoni. Cha kulinganishia hakikuwepo, lakini mimi na laptop yangu tulinganishe cha nini? Nikaandika namba, nikaagiza springi mbili, moja nikamfungia, nyingine nikaiweka kwenye kopo. Nikajaribu pale pale mashine ikiwa ya baridi, mnyororo ukasimama. Shemeji akaniambia, "Wewe ukisema iko sawa, shemeji, mimi siulizi tena." Akarudi porini na unga wake.

Jumatano akaja mteja mwingine na chenso ya aina ile ile, breki imelegea. Nikaingiza namba yake, katalogi ikaniletea springi nyingine kabisa. Nikafungua mashine, nikaweka ile ya kwake pembeni ya ile iliyobaki kwenye kopo. Yake ilikuwa nene zaidi. Nikaanza kuitukana programu. Halafu nikakumbuka, nikakaa chini.

Chenso ya shemeji haina namba yake. Kibati kiling'oka mwaka juzi, na chenso isiyo na namba ikikutwa barabarani inaleta maswali. Mafundi wengi huku tunafanya hivi: unachukua kibati cha mashine iliyokufa, unakipiga ribiti kwenye nzima. Hicho kilichoko kwa shemeji mimi ndiye niliyekichomoa kwenye chenso ndogo iliyokufa ya kampuni ile ile nikakifunga kwa mkono wangu, nikasahau. Kompyuta haikukosea. Ilinipa springi sahihi ya mashine ambayo ilishakufa.

Nikaifunga ile ya kwenye kopo kwenye chenso ya mteja, nikakata gogo mpaka mashine ikapata moto, nikasukuma breki. Mnyororo uliendelea kuzunguka. Nilizima mashine, nikamwambia mteja arudi kesho.

Shemeji nimempigia mpaka nimechoka, hapatikani, na meseji haziendi. Kambi yao hawamwonyeshi mtu, hata dada hajui ilipo. Alhamisi nilikwenda na pikipiki mpaka vijiji vya mwisho, kila niliyemuuliza aliniangalia kama mpelelezi akaenda zake. Wanaoweza kumfikia haraka ni askari wa misitu, wanazijua zile njia zote. Lakini wakimfikia watamtoa na pingu, dada atajifungua mume akiwa ndani, na ukoo mzima utajua aliyemchoma kwa askari ni mimi. Tena watakisoma kile kibati na watauliza nani alikifunga. Niseme ukweli wangu wote, kuna saa sijui namwogopea shemeji au najiogopea mwenyewe. Hilo linanitia aibu hata kuliandika.

Jana dada alikuja hapa kazini, ameshika kiuno, anacheka. Shemeji alipanda mlima akapata mtandao, wakaongea dakika mbili, akamwambia hatapiga tena mpaka wiki ijayo.

"Amesema nikwambie asante," dada akaniambia. "Kuna mninga mkubwa umeinama, wote walikuwa wanaukwepa. Kwa kuwa sasa breki ni nzima, Jumatatu anauangusha yeye mwenyewe."

Nilitaka kumwambia. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini mimba yake ya kwanza ilitoka wiki ile tulipomzika baba, nikaliangalia tumbo lake, nikaufunga. Nikasema, "Akipiga msalimie." Nikamwitia bodaboda, nikamshika mkono akapanda. Mimi huyo, fundi wa kompyuta.

Leo ni Jumamosi. Springi sahihi imeshuka na basi asubuhi, ninayo mfukoni, haina pa kwenda. Namba ya askari wa misitu ninayo kwenye simu, nimeifungua mara nne na sijapiga. Nyie wenye waume na kaka huko porini, mngetaka mimi nifanye nini? Nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini leo. Msinijibu Jumanne.