Mstari Usio na Msemaji

Tangu kaunti zije, sisi wananchi wa Isiolo huitwa ukumbini kutoa maoni. Siku ile ajenda ilikuwa bomba la maji la mtaa wetu wa Kiwanjani, nami nilikwenda kwa sababu ya magoti ya mama. Alikuwa akichota maji mbali, akirudi na mtungi huku akipumzika kila penye kivuli.

Ukumbini hukai unapotaka. Waborana kule, Waturkana huku, Wameru mbele, Wasomali karibu na mlango, na kila jamii ina msemaji wake. Hakuna aliyetunga sheria hiyo; unazaliwa ukaikuta. Sasa mimi baba yangu ni Mborana, mama ni Mturkana, na mstari wetu wote wa nyumba ni wa watu waliooana hivyo hivyo. Nikakaa katikati, kwenye njia ya kupitia, nikisukumwa na kila mpita njia.

Nilimwinamia msemaji wa upande wa baba. "Salaam aleikum, baba mdogo. Mstari wetu hauna maji."

Aliitikia vizuri. "Hiyo nyumba ni ya mama yako. Ambia watu wake."

Nikamgeukia wa upande wa mama. "Habari, mjomba."

"Mtoto ni wa baba," alisema, wala hakuwa na ubaya. "Tukikuombea sisi, watasema tumewaibia zamu."

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mimi nilikuwa na ndugu pande zote mbili. Nikasimama.

"Dada, unaongea kwa niaba ya jamii gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ya mama yangu. Magoti yake yamekwisha."

Watu wakacheka. Mwenyekiti alingoja watulie. "Mama ni mama, lakini hapa tunaenda na jamii. Kaa kwanza, mkubaliane nyinyi ni wa nani."

Nikakaa. Ningekwenda wapi? Mkutano ulifungwa kwa dua ya Waislamu, kisha sala ya Wakristo, na zote mbili ziliomba maji.

Bomba lilikuja kweli, likaishia mstari wa mbele yetu. Mama alisimama mlangoni akiwatazama mafundi wakifukia mtaro na kupakia sepetu zao.

"Siku ile uliwaambia habari yetu?"

"Niliitikia amina, mama. Mara mbili."

Alinitazama, kisha akainama polepole kuuchukua mtungi.