Filta Mpya ya Gari la Kaka

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamira, na kwa miaka kadhaa gari lake ndilo lililokuwa la pekee kijijini kwetu. Alilipata kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai ya Kericho aliyekuwa akifungasha kurudi kwao baada ya Uhuru. Lilikuwa dogo, rangi yake imeshapauka, lakini lilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona katika gari jingine lolote lililoingia gereji niliyofanyia kazi mjini Kisii: supachaja. Hiyo ilikuwa mashine ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda, kazi yake kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Ndiyo iliyoliwezesha gari dogo kama lile kupanda milima yetu likiwa na watu watano.

Na watu hawakukosekana. Mwenye homa kali, aliyejikata panga, mama aliyeshikwa na uchungu, wote waliletwa mlangoni kwa kaka, naye akawapeleka hospitali Kisii. Hata siku ya Sabato alitoka kanisani na suti yake akashika usukani.

Filta ya hewa iliyokuja na gari ilikuwa kopo zito lenye oili chini. Hewa ilipita juu ya ile oili na vumbi likanasa humo. Ilichuja vizuri, ila ilibana hewa, na kaka alilalamika kwamba gari linakosa pumzi mlimani. Mwanzoni mwa miaka ya sabini akaagiza filta nyingine Nairobi, ya sponji ya kupakwa oili, nyepesi, iliyotengenezwa na watu wengine kabisa, si wale walioliunda gari. Alinionyesha akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Nilimwambia tuipime kwanza. Nilikuwa kijana, na nilijivunia kuwa fundi asiyebahatisha.

Basi Jumapili moja ya kiangazi tulienda kwenye mlima ulio karibu na kwetu. Tulianzia darajani tukapanda hadi kwenye kinu cha kusagia mahindi kilichokuwa juu, kaka akiendesha, mimi nikiwa na saa mkononi na daftari magotini. Mara tatu tulipanda kwa filta ya zamani, mara tatu kwa mpya. Kwa ile mpya tulifika mapema kwa karibu sekunde ishirini, kila mara. Supachaja ilipiga mluzi mwembamba ambao hatukuwa tumewahi kuusikia, na kaka akacheka peke yake, mtu ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka.

Kipimo cha pili kilikuwa changu. Nilipaka grisi ndani ya bomba la mpira linalotoka kwenye filta kwenda kwenye supachaja, ili vumbi litakalopenya linase pale. Tukaenda Nyamira na kurudi kwa kila filta, tukifuata vumbi la malori. Kila tuliporudi nilifungua bomba na kupangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kwa filta ya zamani kitambaa kilitoka na grisi tupu. Kwa mpya kilitoka chekundu kwa vumbi, na nilipokisugua kati ya vidole nilisikia chembe zikikwaruza.

Kaka alikuwa ameingia ndani kunywa chai. Aliporudi aliniuliza nimeona nini. Nikakikunja kitambaa nikakitia mfukoni.

“Ni safi,” nikamwambia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Alikuwa amefurahi, na asubuhi nzima alikuwa amenisifu mbele ya mke wake kwamba mdogo wake ni fundi kweli. Nikajiambia vumbi lenyewe ni kidogo, nitaipaka ile sponji oili zaidi, nitaikagua tena mwezi ujao. Mwezi ujao ulifika, nami sikuikagua.

Kabla mwaka haujaisha gari lilianza kula oili na kutoa moshi wa samawati. Ule mluzi ukageuka mkwaruzo. Nilimwambia kaka aliteremshe gereji nilifungue, akasema atalileta shule zikifungwa. Sikumsisitizia. Kumsisitizia kungenilazimu kueleza.

Shule zilikuwa hazijafungwa shemeji yangu, mke wa kaka, aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa tatu. Ilikuwa mchana, nami nilikuwa nimekuja nyumbani. Kaka aliendesha, na mama yetu alikaa na shemeji kiti cha nyuma, akimshika mabega. Tulikuwa tumeshaipita Nyamira, tunapanda kuelekea Kisii, nikasikia chuma kikivunjika ndani ya supachaja, kisha injini nayo ikagonga mara mbili na kunyamaza. Tulilisukuma gari kando ya barabara. Tulisubiri muda mrefu sana. Shemeji alikaa kwenye nyasi. Alishika shina la nyasi na kulivuta, akaliachilia, akashika jingine. Hatimaye lori la majani chai lilitokea, tukamlaza juu ya magunia.

Mtoto alizaliwa akiwa ameshakufa. Alikuwa wa kiume. Muuguzi alituambia alikufa kabla hatujafika, ila hakuweza kusema ni saa ngapi. Kaka alitengeneza sanduku kwa mbao za rafu yake ya vitabu, tukamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Wiki iliyofuata nilifungua injini kwa mikono yangu. Kibati kimoja cha ndani ya supachaja kilikuwa kimelika hadi kikavunjika, na vipande vikaingia kwenye silinda. Kila mahali palikuwa pamekwaruzwa na vumbi. Kaka alisimama nyuma yangu akaniuliza ni nini.

“Ni uzee wa gari,” nikamjibu.

Hakulitengeneza tena.

Ilinichukua miaka sita kumwambia. Tulikuwa shambani kwake tukichuma chai, yeye mstari wake na mimi wangu. Nilimweleza kitambaa kile na rangi yake, na maneno niliyosema. Aliendelea kuchuma hadi mwisho wa mstari.

“Ile ya zamani ingetufikisha?” akauliza.

“Sijui, kaka. Pengine.”

Alitupa majani kikapuni. “Mama watoto usimwambie,” akasema, akahamia mstari mwingine.

Sijamwambia. Nikienda kwao shemeji hunipikia, hunipa kiti kilicho kizuri kuliko vyote nyumbani, na huniuliza mbona siji mara kwa mara. Nami humjibu kwamba kazi ni nyingi.