Aliyenifundisha kufanya jaribio

Leo nimemkana mama yangu mbele ya maprofesa watatu.

Ilikuwa kwenye usaili wa skolashipu ya utafiti wa sayansi. Wakaniuliza nani alinifundisha kufanya jaribio.

Nikajibu: mwalimu wa kemia.

Eish, uongo mtupu! Niliona aibu kutaja saluni.

Mama ni msusi, ana saluni hapa mtaani kwetu Berea. Dawa mpya ya nywele huijaribu kwanza kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio la mteja. Mimi nashika saa, yeye anaandika matokeo kwenye daftari. Ndivyo tangu nikiwa darasa la tatu.

Nimerudi nyumbani, akaniuliza, "Uliwaambia habari za daftari letu?"

"Hawakuuliza, mama."

Jamani, ninyi mngemjibu nini?

Maana daftari liko hapa mezani. Amelitia jalada jipya, iwapo maprofesa watataka kuliona.