Siku Niliyomwaga Mafuta ya Kondoo Kakuma

Hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana hadi leo Lodwar kuna watu wakiniona jikoni wanaficha sufuria: mimi, mwanamke mzima mwenye cheti cha lishe, nilimwaga chakula chini mbele ya akina mama waliotoka kwenye njaa, tena nikitabasamu.

Ilikuwa 2012. Mvua ilikuwa imerudi Turkana lakini mbuzi wengi hawakurudi nayo (ukame ulishawamaliza), nami nikatumwa kutoka ofisi yetu ya Lodwar hadi kijiji kimoja nje ya Kakuma kuwapima watoto uzito, waliokonda wapate unga wa lishe. Kabla ya kupima nilipaswa kufundisha kidogo, nikachagua somo nililolipenda chuoni: nyama nyekundu ipi ni bora. Ya mbuzi, ya ng'ombe na ya ngamia nilinunua sokoni Kakuma, ya kondoo nikaikosa, lakini mama mmoja anayeitwa Akai akaniletea kipande kizuri pamoja na mafuta ya mkia. Sikuuliza alikitoa wapi. (Nilipaswa kuuliza.)

Basi nikachemsha sufuria nne, nikatundika chati yangu ya chuoni, nikaeleza kupitia kwa Ekal, mhudumu wa afya wa kijiji aliyekuwa akinitafsiria, kwamba nyama zote hizi zinajenga mwili na kuongeza damu, ila ngamia na mbuzi wana mafuta machache, ng'ombe anawazidi kidogo, na kondoo, kwa wingi wa mafuta yake, ndiye anayeshika mkia. Chuoni tuliacha mafuta yagande tuyakwangue kwa kijiko, lakini kwa joto la Kakuma yaligoma kuganda, na kwa kuwa nilitaka somo liingie, nikaamua kuyachota kwa upawa na kuyamwaga mchangani huku nikisema, "Haya ndiyo adui wa moyo!"

Ekal hakutafsiri. Nikadhani hajasikia, nikamwaga tena.

Mbwa wawili wakaja kulamba. Katika kuwafukuza nikakanyaga palepale nilipomwaga, nikaenda chini matako kwanza, sufuria ya kondoo ikanifuata na supu (nashukuru ilishapoa) ikaishia yote kwenye sketi yangu. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Akai akasimama. "Daktari," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "msichana yangu amezaa juzi. Hiyo kondoo tulichinja ya yeye, apate nguvu. Nikakatia wewe, juu wewe ni mgeni. Sasa unapea mbwa?"

Akaondoka, na wenzake wakabeba watoto wakamfuata mmoja mmoja. Mizani ikabaki inaning'inia mtini, hakuna mtoto hata mmoja aliyepimwa, na gari la unga lilikuwa linarudi Lodwar jioni ileile.

Nikamwomba Ekal anipeleke kwa Akai. Nilifika nikinuka kondoo, nimejaa aibu, nikaomba msamaha mara tatu. Akai akauliza tu, "Wewe umezaa?"

"Ndiyo mama, mmoja."

"Mama yako alikupea nini?"

Nilikumbuka vizuri mno: kwetu Bungoma mama alinichemshia supu ya ng'ombe iliyoelea mafuta juu hadi huoni chini ya bakuli, akasimama mlangoni mpaka nikaimaliza. Ikabidi niseme. Ekal akawatafsiria waliokuwepo, safari hii bila kuacha neno, na yule binti aliyejifungua akacheka mpaka kichanga kikaachia ziwa.

Akai mwenyewe ndiye aliyewaita wenzake warudi. Tulipima mbiombio, dereva akipiga honi, na watoto tisa wakapata unga, wawili kati yao wembamba kiasi kwamba nilisoma mizani mara mbili.

Chati yangu haikuwa ya uongo. Ilikuwa imeandikiwa watu walioshiba. Nimeapa sitalinganisha tena nyama na nyama kabla sijamtazama anayekwenda kuila, na mafuta ya mtu sitayamwaga, hata nikiamriwa na profesa.